Chumba ya Mama Mwadi

Karibu na Sandoa, ku lupango ya Tata Samwele

Mama yangu, moyo!

Moyo kwako, moyo kwa Tata, moyo kwa bantu bote ba nyumba na lupango yetu kule Kolwezi. Mulumba, ndugu yangu, najua wewe njo utasoma hii barua mbele ya Mama. Soma polepole, na fasi yenye itakuletea haya usiruke. Mama, kifua yako inaendelea namna gani? Uliacha kulala karibu na dirisha sawa nilikuomba? Na mugongo ya Tata? Huku mvua inashaanza, na kila nikisikia inapiga ku manyasi ya nyumba, nafikiri Tata anajigeuzageuza ku kitanda bila kupata upande ya kulalia. Mi mwili iko muzima, Mungu asifiwe. Roho njo haina amani.

Nianze na ile kitu uliniuliza. Usimupatie mutoto yangu Kapinga kwa ndugu mukubwa ya marehemu bwana yangu. Najua desturi yetu ya Kasai: mutoto ni ya tata yake, na tata akikufa, ndugu yake anaweza kukuya kumutwala. Najua tena kama kule Kolwezi siku hizi banasema shiye bantu ba Kasai turudi kwetu, na wewe unaogopa. Umupokee shemeji na heshima, umupikie, umupatie fasi ya kulala, lakini mutoto asipande treni. Umuambie mama ya mutoto iko muzima na iko anakuya. Kweli, Mama, nilikuwa karibu kukubali. Nilifikiri: niko mbali, kazi ni ya kulala pale pale, mutoto atakomea wapi? Sasa hapana. Nitakueleza kitu yenye ilinigeuza, na gisi nilipoteza ile kazi.

Unakumbuka Bwana Enginiere alikuya ku lopitalo kutafuta mwanamuke wa kulinda mama yake muzee. Masera, mutawa mukubwa ya lopitalo, njo alimutajia jina yangu, juu nilikuwa nazoea kugeuza bagonjwa na kubaosha. Bwana alisema ni ku nyumba ya tata yake, mbali, fasi ya kimya, fasi yenye mama yake alianzia ndoa yake na anataka kumalizia siku zake. Nilifikiri nitakuta kanyumba ka mugini. Kumbe!

Nyumba iko juu ya kilima, na chini unaona mto Lulua unapita polepole. Tata ya Bwana njo aliijenga, wakati bazungu balikuwa bado banabebwa mu kipoyi ku mabega ya bantu. Kiisha ule muzee alikufa, jamaa yake ilirudi Ulaya, na nyumba ilibaki kwa popo na nyoka. Muti ilikuwa inaota mu sebule, ikatoka ku paa. Bwana alileta mafundi, balikata ule muti, balichoma matofali mupya na udongo ya fasi ile ile ya zamani, balirudisha vigae, balipaka madirisha rangi ya majani. Bafu ya chuma yenye miguu sawa ya simba ilitoka Elisabethville. Hata mbao ya barza, Bwana alichongesha mingine yenye kufanana na ile ya ku foto. Bageni yake bakitoka Kolwezi wakati ya konji, siku ya kupumuzika kazi, anabatembeza chumba kwa chumba, anagonga ukuta na mukono, anasema: "Yote sawa wakati ya tata yangu." Nabo banakunywa kahawa ku barza, banaangalia mto, banasema: "Kimya gani hapa!"

Kwangu ile kimya ilikuwa nzito. Pale Kolwezi nilizoea kusikia sirena ya kazi, kamio, banamuke kwa bomba ya maji. Huku ni ndege na upepo. Bantu ba mugini ni Balunda. Balikuwa bananiita "ule wa Kasai," na nikipita ku njia mazungumuzo inakatika. Muntu mumoja tu alinifungulia roho, mupishi, Tata Samwele, Mulunda na muzee wa kanisa ya Waprotesta. Anajua Kiswahili na Kifaransa ya jikoni. Aliniambia siku ya kwanza: "Mutoto, hapa fanya kazi, na usiulize juu ya bitu ya zamani."

Madamu muzee hawezi kutembea. Upande moya ya mwili inashakufa, lakini kinywa na akili biko. Hakutaka nilale ku nyumba ya batumishi. Alitaka nilale mu chumba kidogo pembeni ya yake, yenye dirisha ya duara inaangalia mutoni, ili nimusikie akiita. Chumba muzuri, Mama, ukuta mweupe, kitanda ya chuma. Nilikuwa nalala pale sawa mugeni wa serikali.

Mu kipwa, wakati ya jua, kulianza kukuya mwanamuke mumoja muzee na kitunga ya samaki ya kukausha. Bantu bote banauzisha ku mulango ya jikoni. Yeye hapana. Anakuya mbele, anakaa ku ngazi ya chini ya barza, anaweka kitunga pembeni, anaangalia ile dirisha ya duara. Tata Samwele anatoka, ananunua, anamusemesha Kilunda pole pole sawa muntu anatuliza mutoto, na ule mama anaenda. Kesho yake tena. Siku ingine alinionyesha kidole, akauliza kitu. Nilimuuliza Samwele: "Anasema nini?"

"Anauliza nani analala mu ile chumba."

"Juu ya nini anataka kujua?"

"Nilikuambia usiulize."

Kiisha siku moya nilikuwa nimeketisha Madamu mu kiti yake ya magurudumu ku barza, juu jua ilikuwa tamu. Ule mama alifika, akakaa fasi yake. Madamu alimuangalia. Mukono yake yenye iko muzima iliachia kikombe, kahawa ikamwangika ku robe. Alisema: "Mwadi?"

 Ule mama alisimama, akanyosha kitambaa yake ya kiunoni, akapandisha ngazi moya. Alisema neno moya ya Kilunda, kiisha akarudilia. Madamu alipiga kelele: "Muondoe! Ngalula, muondoe!" Lakini mbele nifike, ule mama alikuwa anashageuka. Kitunga yake alikiacha pale.

Nilienda jikoni. Samwele alikuwa anachagua muchele. Nilikaa chini mbele yake na nikasema: "Tata, leo utaniambia." Aliendelea kuchagua, kiisha mikono yake ilisimama.

"Mama Mwadi alikuwa mwanamuke ya ule bwana ya kwanza, tata ya Bwana," alisema. "Mbele ya Madamu kutoka Ulaya. Bazee ya mugini balimupatia, hapana yeye alichagua. Alilala mu ile chumba yako. Alizaa na bwana mutoto musichana. Balimutwala mutoto, na paka leo hajui balimupeleka wapi."

"Na neno yenye alisema ku ngazi?"

"Alisema: Mutoto yangu. Mara mbili."

 Barua yako juu ya Kapinga na shemeji ilikuwa inashafika, ilikuwa chini ya mutoo yangu ya kichwa, mu ile chumba.

Nilibeba ile maneno siku mingi. Nilijiambia: Ngalula, wewe ni mugeni, uko na mutoto wa kulisha, hii si vita yako. Lakini asubuhi moya nikiwa naosha Madamu mugongo, kinywa yangu ilifunguka yenyewe. Nilimuuliza: "Madamu, mutoto ya Mama Mwadi balimupeleka wapi?"

Nilifikiri atanitukana. Maji ilikuwa inateremuka ku mabega yake ya mifupa tu. Kiisha akasema, hapana na hasira, sawa muntu anachoka kushika mulango:

"Nilikuwa kijana, Ngalula. Nilikuya na meli, kiisha treni, kiisha kipoyi siku na siku. Bwana yangu hakuniambia kitu. Nilifungua mulango ya chumba kidogo, nikakuta mwanamuke na mutoto banakula. Mutoto alikuwa na paji ya uso ya bwana yangu. Nilisema batoke, ao mi narudi kwetu."

"Balitoka?"

"Mwanamuke alirudi ku mugini. Mutoto, serikali haikutaka batoto ya namna ile, ya tata muzungu, bakomee ku mugini. Masera balikuwa banabakusanya ku misioni, mbali, ngambo ya Lualaba. Bwana yangu aliandikisha, balikuya kumutwala."

"Na mama yake alikubali?"

"Hakuna muntu alimuuliza." Alifunga macho. "Ile asubuhi mutoto alikuwa analia, hataki biatu, hajavaa biatu hata siku moya. Mi njo nilimufunga biatu. Na hii mikono. Nilikaza kamba sana, juu nilikuwa naharakisha."

"Jina yake?"

"Masera balimubatiza Josefina."

Nilimaliza kumuosha, Mama, juu maji ilikuwa inapoa na yeye ni muzee. Nilimuvalisha, nikamuchana nywele. Mikono yangu ilifanya yote sawa kila siku, lakini sikumuangalia mu macho.

Nilipomuambia Samwele, alishika kichwa. "Bwana atatufukuza sisi bawili." Alizunguka jikoni, akafunika sufuria, akafunua. Kiisha akasema: "Mi niko muzee wa kanisa. Siwezi kusimama mbele ya bantu nikasema sikusikia." Kulikuwa shofere wa kamio ya Mureno mufanyabiashara, yenye inapita huku kununua muhogo na inaenda paka Jadotville. Samwele alimupatia ile habari yote kwa kinywa, aulize ku misioni na ku misioni. Mama Mwadi hatukumuambia kitu. Tuliogopa kumupatia tumaini yenye haina miguu.

Shofere alirudi mwisho ya kipwa. Alishuka, akajipanguza vumbi, akasema: "Nilimupata. Ni mama ya bantu, iko Jadotville, anashona robe ya bamadamu. Nilimuambia maneno yote. Alinisikiliza na sindano mu kinywa, kiisha akaniambia: Ukitoka, ufunge mulango."

Samwele alisema tumwachie Mungu. Mi nililia jikoni, na sikujua kama nalilia Mama Mwadi ao najililia mwenyewe.

Kiisha, Mama, alikuya.

Ilikuwa siku ya Mungu, saa ya kahawa. Bwana alikuwa mu konji na bageni bawili, mume na muke, bazungu ba Kolwezi. Kamio ya Mureno ilisimama chini ya kilima, na mwanamuke mumoja alishuka, akapandisha njia peke yake. Robe ya bluu ya kufungwa mpaka shingoni, kofia, biatu bya ngozi byenye vumbi. Ngozi yake ni sawa ya chai na maziwa. Bwana, kumuona tu, alisimama na adabu, akamusogezea kiti, juu alifikiri ni muke ya karani mukubwa ao mwalimu. Nilikuwa nyuma ya mulango na Madamu, nikabaona Bwana na ule mwanamuke upande kwa upande. Paji ya uso, Mama. Na gisi ya kuinamisha kichwa mbele ya kusema. Hata kipofu angeona.

Hakukaa. Alisema na Kifaransa ya kunyoka, ya masera: "Natafuta Madamu muzee."

"Nani anamutafuta?" Bwana aliuliza, anacheka kidogo.

"Mutoto ya bwana ya hii nyumba."

"Madamu, bwana ya hii nyumba ni mi."

"Ya mbele yako," alijibu.

Bwana alibadilika rangi, akawa mwekundu mpaka masikio. Aliangalia bageni yake. Ule mugeni mwanamuke aliweka kikombe chini na kikombe ililia ku sahani. "Nani alikutuma?" Bwana alisema. "Ni uongo ya bantu ya mugini. Unataka nini kwetu?"

Nyuma yangu Madamu aliniambia: "Nisukume inje."

Nilimusukuma. Magurudumu yalipita juu ya ile mbao mupya, na bote balitugeukia. Madamu alimuangalia ule mwanamuke kutoka kofia paka ku biatu, na ku biatu macho yake ilibakia.

"Njo yeye," alisema.

"Mama, uko mugonjwa, hujui unasema nini," Bwana alimuambia.

"Najua nasema nini. Mi njo nilimufunga biatu siku alitoka hapa. Ni dada yako."

Josefina hakumusalimia. Hakumutukana pia. Alimuangalia sawa muntu anaangalia muti yenye iliangukia nyumba yake zamani, kiisha akageuzia macho bantu bote ba ku barza na akauliza: "Mama yangu iko wapi?"

 Bwana alikuwa anaangalia mutoni. Ule mugeni mwanaume alikuwa anaangalia kofia yake. Nilisikia sauti, na ilikuwa yangu: "Mi najua. Nitakupeleka."

"Ngalula," Bwana alisema bila kunigeukia, "ukishuka hizi ngazi usirudi tena."

Nilimuangalia Madamu. Hawezi kujigeuza peke yake ku kitanda, unajua. Kama hageuzwi, ngozi inaoza. Nilikaza breki ya kiti yake ili isiteremuke, nikamufunika magoti. Kiisha nilishuka. Nilishika mukono ya ule mwanamuke, sijui kama nilikuwa namuongoza ao ananiongoza.

Tulipita ku mihogo, Samwele anatufuata mbio, bado anafunga tablie yake ya jikoni. Mama Mwadi alikuwa mbele ya nyumba yake anamenya muhogo. Aliona kwanza biatu. Kisu yake ilisimama. Alipandisha macho polepole, robe, shingo, uso, na akabakia pale ku uso, hakusimama, hakulia. Nilikuwa nangojea kelele, Mama, sawa yetu ya Kasai tukipata muntu alipotea. Alisema neno moya tu na sauti ya chini.

"Anauliza kama unashakula," Samwele alisema.

Josefina alimugeukia Samwele. "Muambie sikukuya kula."

Samwele aliangalia chini, akajibu Kilunda. Nilimuuliza kiisha, aliniambia alimujibu: "Bado."

Basi Mama Mwadi alisimama, akaingia, akapika bukari, ugali ya muhogo, na samaki, na sisi bote tunangojea pale inje, Josefina amesimama na kofia yake ku kichwa. Bantu ba mugini balianza kusogea. Chakula ilipofika, Mama Mwadi aliiweka chini, akamunawisha mikono, yeye mwenyewe, anasugua kidole kwa kidole. Pale njo Josefina alikaa chini ku udongo na ile robe yake ya bluu, akakula, na machozi ilikuwa inaanguka mu sahani.

Akimaliza alisema: "Muulize juu ya nini aliniacha."

Samwele aliuliza. Mama Mwadi alijibu kwa murefu, anaonyesha mto na mukono. Alisema alifuata ile safari nyuma paka ku kivuko ya Lulua. Kapita, musimamizi wa babebaji, alimurudisha na fimbo. Mutumbwi uliingia mu maji, na alisikia mutoto analia mpaka ngambo, mpaka mu miti, mpaka sauti ikaisha. Alikaa pale ku kivuko. Ndugu zake balikuya kumubeba. Nyuma aliolewa, alizaa batoto bangine, lakini kila muntu aliyevuka kutoka ngambo alimuuliza, paka bantu bakasema akili yake ilipotea. Bazungu bakahama, nyumba ikavunjika, akaacha kuuliza. Kiisha akaona moshi ku jikoni ya kilima tena.

Josefina alisikiliza yote. Alisema polepole: "Masera balituambia bamama yetu balitutupa. Kila jioni balituombesha kwa kubasamehe. Mi niliomba, Tata. Myaka yote nilimusamehe kosa yenye hakufanya."

Samwele hakuweza kutafsiri ile. Alijaribu, akashindwa, akavua tablie akajifuta nayo uso.

Alilala pale mugini siku chache. Mi pia nilihamia kwa Samwele na mufuko yangu. Njo niliona bale banamuke bawili bakikaa ku mukeka moya bila luga. Mama anasema Kilunda, binti anajibu Kifaransa na Kiswahili, na kila moya anaitika kichwa. Josefina aliuliza jina yake ya kwanza. "Kasanga," mama alisema. Josefina alijaribu kuitamka, akaikosa, akaipinda Kizungu, na Mama Mwadi alicheka, meno yake machache yote inje. Sikuwa nimemuona anacheka mbele ya ile siku.

Lakini Mama, sitakudanganya kama yote ni muzuri. Siku kamio ilirudi, Josefina alimuambia mama yake: "Mvua ikiisha nitakuya na batoto yangu." Samwele alitafsiri na bantu bote balipiga mikono. Mi nilimusindikiza ku kamio, na pale aliniambia pembeni: "Bwana yangu anajua tu kama mi ni mutoto wa misioni. Batoto yangu banasoma na batoto ba bakubwa. Sijui nitabaambia nini." Nilimuuliza: "Utakuya?" Alipanda, akaweka kofia vizuri, akasema: "Nimesema nitakuya." Aliangalia mbele paka kamio ikazama mu miti.

Kuko na ingine. Samwele alikuya kuniambia Madamu analia mugongo. Musichana mwenye Bwana alimuweka ku nafasi yangu hajui kumugeuza, na kidonda inashaanza. Bwana alikuwa anaenda Sandoa ile asubuhi. Nilipita ku mulango ya jikoni. Nilimugeuza, nikasafisha kidonda, nikamuonyesha ule musichana gisi ya kuweka mito. Madamu hakuniuliza kama nitarudi. Aliniuliza: "Alisema nini juu yangu?"

Ningeweza kumudanganya. Nilisema: "Hakusema kitu, Madamu. Hata neno."

Aligeuzia uso yake ku ukuta. Nilipita mu chumba kidogo kutwala mutoo yangu na barua yako, nikatoka. Bado namuwaza. Mulumba, muulize Mama kama ni zambi kumuhurumia muntu wa namna ile, juu mi sijui.

Sasa nangojea daraja ya njia ya Kolwezi itengenezwe, mvua iliibeba upande moya. Shofere anasema kamio ya kwanza yenye itapita itanileta. Kazi nitatafuta tena ku lopitalo. Kama Masera atakataa, nitauza mukati ku soko na wewe. Mama Mwadi anakuya hapa kila asubuhi, anakaa karibu nami, anamenya muhogo yake. Anashajifunza neno tatu ao ine ya Kiswahili juu ya bajukuu. Kila siku ananiuliza swali ile ile, "Mvua inaisha lini?" na mvua, Mama, ndiyo kwanza inaanza. Namuambia: "Karibu, Mama." Sipati jibu ingine.

Nisalimie Tata, na mama mukwe wangu, na mama jirani mwenye anakuletea kuni, na Tata katekista wa mutaa yetu. Shemeji naye umusalimie na adabu. Kapinga umushike uso na mikono yako miwili, umuambie mama yake anakuya na kamio.

Mulumba, asante kwa kusoma.

Mi mutoto yako mwenye roho iko kwenu,
Ngalula